Lita Mbili za Oili

Shule ya Upili ya Wasichana,
S.L.P. 2163,
Nakuru.

9 Februari 2025

Mpendwa Shangazi Cheruto,

Kabla ya salamu, nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, si Mama, si Kogo mama yenu, si hata Awuor ambaye tunalala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye juu, mimi chini. Fundi Sitati hakuiba oili ya Baba. Ninajua oili hiyo iko wapi kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka.

Sasa salamu. Najua barua haianzi hivyo, na mwalimu wetu wa Kiswahili angenikata alama, lakini niliogopa kwamba nikianza na habari za afya ningemaliza karatasi nikiwa bado kwenye afya. U hali gani, Shangazi? Baba Kiplimo anaendeleaje na mgongo? Kiplimo mwenyewe amezoea baridi ya huko, au bado anakataa kuvaa kofia?

Sisi tu wazima. Kogo husumbuliwa na magoti asubuhi, lakini ikifika saa nne huwa ameshaenda kwa ng'ombe na kurudi. Kule nyumbani Dundori mvua ilikatika kabla ya Krismasi na viazi vya mwisho vilitoka vidogo, Mama akavipika na maganda yake. Mimi niko Kidato cha Tatu. Nakuandikia kutoka maktabani, Jumapili baada ya ibada. Simu haziruhusiwi hapa, na hata zingeruhusiwa, jambo hili singeweza kulisema kwa mdomo.

Baba alikutumia picha za gari, lakini nadhani alikutumia zile za mbele tu. Ni Peugeot 404 kama ile ya marehemu Babu, ile mliyopanda kwenda shule mkiwa mmebanana na mikebe ya maziwa. Baba aliliona Gilgil mwezi wa Oktoba, nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa akifanya biashara ya viazi. Alisimama mbele yake muda mrefu hadi mwenyewe akamletea kiti.

Kwa mbele ni gari la Babu kabisa. Kwa nyuma ni kitu kingine. Mzee huyo alilikata paa kwa msumeno ili apate pikapu ya kubebea magunia, akaweka springi za lori. Kiti cha dereva kilitoka kwenye trekta. Mlango wa kushoto hufungwa kwa komeo, lile la milango ya choo. Vipini vya kupandishia madirisha ni vijiko viwili vilivyokunjwa. Nyaya zote ni za rangi moja, kijani, hata fundi hawezi kujua upi unaenda wapi, na ile taa ndogo ya kuonya oili ikipungua haikuunganishwa na chochote. Injini ya petroli ilishatolewa zamani ikawekwa ya dizeli kutoka kwenye matatu kuukuu. Na kijiti cha kupimia oili ni spoku ya baiskeli. Haina alama hata moja.

Baba alisema kwamba ifikapo Pasaka gari hilo litakuwa kama lilivyotoka kiwandani, na Kogo atapelekwa nalo kanisani akiwa kiti cha mbele. Injini ya petroli haikupatikana, kwa hiyo ile ya dizeli ingebaki kwanza. Hapo ndipo Fundi Sitati alipokuja.

Ni mzee wa miaka sitini hivi. Baba yake alifanya kazi katika karakana ya reli hapa Nakuru, na yeye ana nafasi yake katika ile safu ya gereji za wazi kule chini karibu na maghala. Desemba yote alikuwa akipanda Dundori siku tatu kwa wiki, sanduku lake la spana likiwa limefungwa nyuma ya boda boda. Mimi nilikuwa msomaji wake. Kile kitabu cha gari ulichotutumia nilikiweka juu ya bawa la gurudumu la mbele, nikisoma Kiingereza na kumtafsiria, naye akiwa chini na tochi.

"Soma, mwalimu," alikuwa akiniambia. Aliniita mwalimu tangu siku ya kwanza.

Mara nyingine alisikiliza na kusema, "Hapo kitabu kinasema kweli." Mara nyingine alicheka. "Hiyo ni ya gari vile ilizaliwa. Hii yetu imeolewa mara tatu."

Unanijua, Shangazi. Wageni wakija mimi huenda kuangalia kama chai imechemka. Lakini Desemba hiyo niliongea kila siku, na mtu alinisikiliza, na nilipokosea hakunicheka. Ndiyo maana hili lililofuata linanilemea kuliko ambavyo lingenilemea kama angekuwa mtu mkali.

Ilikuwa Jumatatu, siku moja kabla ya mwisho wa mwaka. Oili ya zamani ilikuwa imemwagwa. Baba alikuwa amenunua lita sita kama Fundi alivyomwagiza, yaani mkebe mmoja wa lita nne na chupa mbili za lita moja moja. Kogo akaita chakula. Unajua hakubali fundi ale nje. Sitati akapangusa mikono, akaniambia, "Mwalimu, mwaga hiyo yote. Kubwa na hizo ndogo zote mbili. Nakuja."

Kitabu kilikuwa wazi, ukurasa wa kumi na nne. Kiliandika lita nne. Chini yake, kwa herufi nzito, kiliandika kwamba kuzidisha oili huharibu injini. Nilimwaga mkebe mkubwa. Nikashika chupa ya kwanza, nikasoma tena ile sentensi, nikairudisha chupa chini.

Nilijua injini ni nyingine. Sitaki kukudanganya kwamba sikujua. Lakini jina kwenye jalada la kitabu lilikuwa jina lile lile lililo kwenye gari, na mimi huamini maneno yaliyochapishwa kuliko maneno ya mtu anayetafuna. Niliona ninaokoa gari. Nikazipeleka chupa stoo, nyuma ya masanduku ya viazi vya mbegu, ili zisipigwe na jua, nikapanga kwamba akirudi nitamwonyesha ukurasa.

Alirudi akiwa na simu sikioni, akibishana na mteja. Baba alikuwa nyuma yake. Fundi akachovya spoku, akaitoa ikiwa na oili kwenye ncha, akaniangalia.

"Yote?"

Nikasema, "Yote."

Ni hilo tu. Ningesema "nne" ningelazimika kumweleza, na kumweleza ni kumpinga mtu mzima mbele ya Baba, na sauti yangu huisha katikati ya maneno. Kusema "yote" kulikuwa rahisi. Yeye akaniamini, akafunga kifuniko.

Tarehe mbili Januari Baba aliendesha gari hadi Gilgil kumwonyesha yule mzee lilivyo sasa. Aliporudi, kwenye mlima wa kupanda kwetu, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga sufuria, kisha ikakwama. Gari lilivutwa na trekta hadi nyumbani. Jirani akaleta fundi mwingine wa mjini, mwenye ovaroli safi. Alifungua chini, akaacha oili itiririke kwenye beseni. Mimi ndiye niliyeshika beseni.

"Mliweka ngapi?" aliuliza.

"Sita," Baba alisema.

"Hapa ni nne, na hazifiki. Na sioni mahali imevuja." Akapangusa vidole. "Boss, lita mbili zimeenda kunywa chai."

Watu walicheka. Baba hakucheka.

Kesho yake tulishuka mjini kuninunulia vitu vya shule, na Baba akapitia kwanza kwenye gereji. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

"Sitati, nilikuamini," alisema. "Ulikula kwa meza ya mama yangu. Kisha ukaenda kuuza oili yangu."

Fundi alikuwa chini ya lori. Alitoka polepole, akasimama, akamtazama Baba, kisha akanitazama mimi. Haikuwa kwa muda mrefu. Mimi niliangalia viatu vyangu.

"Mzee, fundi ni mimi," akasema. "Kama oili haikutosha, hiyo ni makosa yangu. Lakini sijaiba."

"Nani aliiba basi? Kuku?"

Mafundi wote walicheka. Tukaondoka tukanunua soksi.

Jioni hiyo Kogo alisikia habari hiyo, akasema, "Yule fundi alikula kwangu vizuri. Mwizi hula haraka." Baba akamwambia ale viazi vyake.

Nilidhani maneno yale yatapita. Lakini mama yake Awuor anauza chai na chapati karibu na zile gereji, na wiki iliyopita Awuor alinisimulia kama mzaha: "Huko kwa magereji kuna mzee wanaita Lita Mbili. Ukimpelekea gari lazima usimame hapo ukihesabu." Anasema wateja wawili wamehamia kwa fundi wa pili, na siku hizi mzee huyo hufunga saa tisa kwa sababu hana cha kufanya. Awuor hajui ni nani. Nilimwambia naumwa na kichwa.

Nimechoka, Shangazi. Natembea nimechoka, naamka nimechoka. Nasoma ukurasa mmoja mara tatu na sipati kitu, mimi ambaye hata karatasi ya kufungia sukari huisoma. Ni kama nimebeba ndoo na hakuna mahali pa kuitua.

Nakuandikia wewe kwa sababu kitabu kilitoka kwako, na sitaki ujute kukituma. Kitabu hakikukosea. Hapa chini nilikuwa nimeandika ombi, kwamba umpigie Baba umweleze, kwa kuwa wewe anakusikiliza. Nimelifuta. Ukiielekeza karatasi kwenye mwanga utaweza kulisoma, lakini tafadhali usilifuate.

3 Machi 2025

Shangazi, barua hii sikuituma. Ilikaa ndani ya kamusi yangu wiki tatu. Halafu tukafunga kwa mapumziko ya katikati ya muhula na nikaenda nayo nyumbani. Leo ni Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, na ninaimalizia.

Ijumaa asubuhi, baada ya kukama, nilimkuta Baba kwenye kibanda cha gari. Alikuwa amelifunika kwa turubai na kuku walikuwa wametaga juu ya kile kiti cha trekta. Alikuwa akiokota mayai. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, sentensi saba, lakini nilizisema mbili tu. Nikaziweka zile chupa juu ya boneti.

Aliichukua moja, akaigeuza, akaangalia kifuniko. Kizibo kilikuwa hakijakatwa.

"Ulikuwa nazo siku zote?"

"Zilikuwa stoo. Nyuma ya mbegu."

"Aliuliza?"

"Aliuliza. Nikamwambia nimemwaga yote."

Hakunigombeza. Aliweka mayai ndani ya kofia yake moja moja, kana kwamba hiyo ndiyo kazi ya siku. Halafu akasema, "Nimemwita mtu mwizi mbele ya watu." Na alipomaliza mayai, "Nitampigia simu."

Shangazi, sijawahi kumjibu Baba. Lakini nilisikia nikisema, "Baba, hukumwita mwizi kwa simu."

Alinitazama kama mtu aliyesikia sauti kutoka chumba kingine. Akachukua kofia na mayai yake akaingia ndani. Siku hiyo yote hatukusemezana. Mama aliniuliza kuna nini, nikamweleza naye, na aliniambia nioge, nilale mapema. Sikujua kama amekasirika. Nadhani naye alikuwa amechoka.

Jumamosi niliagana na Mama nikashuka mjini peke yangu, chupa mbili na kitabu chako vikiwa ndani ya mkoba wa shule. Kwenye gereji walikuwa wanagonga mabati na redio ilikuwa juu. Kijana mmoja aliyekuwa ameketi juu ya tairi aliniuliza, "Niaje madam, umeleta gari ama umekuja kuinunua?"

Nikasema namtafuta Fundi Sitati.

"Lita Mbili? Ako huko mwisho."

"Anaitwa Fundi Sitati," nikasema, lakini kwa sauti ndogo, sijui kama alisikia.

Fundi alikuwa ameketi akisafisha kabureta ya pikipiki. Mimi sikumwendea. Nilikuwa nimeamua kusimama pale pale Baba aliposimama, karibu na gurudumu la trekta, kwa sababu nilijua nikimfikia nitamwambia sikioni na itakuwa sawa na simu. Nikazitoa chupa. Nikasema, "Mimi ni mtoto wa Kiprotich wa Dundori. Oili haikuibiwa. Mimi ndiye sikuimwaga. Hizi hapa."

Hakuna aliyesikia. Waliendelea kugonga. Ilinibidi niseme tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu mtu unakuwa umeshajua sauti yako ilivyo. Nikasema kwa nguvu hadi shingo ikauma. Nyundo ya kwanza ikanyamaza, halafu ya pili. Mtu akapunguza redio.

"Sema tena, mtoto," mmoja wao akasema. Nikasema mara ya tatu.

"Kumbe," akasema.

"Sasa Lita Mbili tumwite nani?" akauliza yule kijana wa tairi.

"Jiite wewe," mwenzake akamjibu. "Na umletee mzee chai."

Fundi Sitati akaja akachukua zile chupa, akazipangusa kwa kitambaa, ingawa hazikuwa na vumbi. Akaangalia vizibo kama Baba alivyofanya.

"Hii bado ni nzuri," akasema.

Nikamwomba msamaha. Akaitika tu kwa kichwa. Nikamwuliza kwa nini hakuwaambia siku ile kwamba mimi ndiye niliyemwaga.

"Nilikuona ukiangalia viatu, nikajua," alisema. "Sasa ningesema nini? Mtoto wa mtu ndio ameharibu? Fundi ni mimi. Ningefungua nipime mwenyewe. Niliuliza tu kwa sababu nilikuwa na simu kwa sikio." Akakunja kile kitambaa. "Lakini ilikuwa wiki mbaya, mwalimu. Wiki nyingi mbaya. Sitakudanganya."

Nilikuwa nikitaka aniambie kwamba haikuwa kitu. Hakuniambia, na nadhani alifanya vizuri.

"Kitabu uko nacho?" akauliza.

Nikakitoa. Akataka ukurasa wa oili. Nikamfungulia wa kumi na nne.

"Andika hapo, ya hii gari."

"Kwa kalamu?"

"Sasa utaandika na nini, mate?"

Wewe ndiye uliyenifundisha nikiwa na miaka mitano kwamba kitabu hakikunjwi, hakiandikwi, hakiwekewi kikombe. Sijawahi kuandika ndani ya kitabu hata jina langu. Nikakiweka juu ya goti, nikaandika pembeni: Injini iliyomo sasa, lita sita. Fundi Sitati, 1 Machi 2025. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akasema, "Hapo kitabu kinasema kweli."

Nilipoinua macho nilimwona Baba. Sijui alikuwa amefika saa ngapi. Alikuwa amesimama kando ya lile gurudumu la trekta, kofia mkononi, na wale mafundi walikuwa wakimtazama. Fundi Sitati akavuta kreti ya soda, akaipangusa kwa kile kitambaa cha oili, akaiweka mkabala na kiti chake.

Si vizuri mtoto asimame mahali ambapo wazee wanaombana radhi. Nikafunga mkoba, nikapita kando, nikapanda hadi steji ya matatu na kurudi nyumbani. Waliyoyasema siyajui. Baba aliingia jua likizama, akaomba chai, akasema, "Fundi anasema injini inaweza kufunguliwa. Atakuja Jumanne. Wewe utakuwa shule." Kogo akamwambia basi amwachie fundi nyama. Pasaka yenyewe nadhani itapita gari likiwa bado juu ya mawe, na Kogo atatembea kwenda kanisani kama kawaida.

Kabla sijasahau, Mama anakusalimu na kuuliza kama ile shuka ilikufikia. Mdogo wangu Weldon ameng'oka meno mawili ya mbele na anataka Kiplimo ajue. Kogo anasema Mungu akulinde kazini zamu za asubuhi na za jioni, na akurudishe nyumbani yeye Kogo akiwa angali ana macho ya kukuona. Nami naomba hivyo hivyo.

Jana asubuhi nilifua sare, nikaipiga pasi ikiwa bado na unyevu. Nikaenda kwenye kibanda, nikainua turubai, nikawafukuza kuku. Nikakiweka kitabu juu ya kile kiti cha trekta kikiwa wazi kwenye ukurasa wa kumi na nne, na spana juu yake ili kisijifunge. Nikafunika turubai, nikaja shuleni.

Mtoto wa kaka yako, anayekupenda na kukukumbuka,

Jepkemei